Mpaka Rangi Ndani ya Bomba

Mpaka rangi alianguka kutoka kwenye ngazi akamsahau mkewe.

Vingine vyote alivikumbuka: bei ya rangi, matokeo ya mpira, hata jina la utani la mwalimu aliyemfukuza shule. Mkewe tu ndiye aliyefutika. Akawa anamwita dada.

"Samahani dada, chai haina sukari."

Na dada wa watu anaongeza sukari. Alimpikia, akamfulia, akamwonyesha picha za harusi. Jamaa anazitazama, anatikisa kichwa, anamsifia bwana harusi.

Kaka zake mwanamke walimwambia aondoke. Akasema hapana, kwanza hospitali. Kuna watu wanachunguza kumbukumbu kwa mashine.

"Kama kweli umenisahau, nitakulea mpaka tuzeeke," alimwambia mumewe mlangoni. "Kama unaniigizia, leo utanitambua."

Mtafiti alikuwa kijana mpole mwenye maneno mengi. Katika maelezo yake yote, mpaka rangi alishika moja tu: ubongo ukiona sura unayoijua, damu hukimbilia mahali pake, na mashine inaona. Mdomo unaweza kudanganya. Damu haina adabu hiyo.

Akalala chali, funguo za stoo zikimchoma pajani. Mtafiti akamsukuma ndani ya bomba pana kama pipa kwa mkono mmoja, akawasha. Kelele zikaanza, kama mtu anatoboa ukuta wa jirani.

"Usitikisike, baba. Tazama picha tu."

Mkewe akamshika kidole gumba cha mguu, kumtuliza.

Kwenye skrini juu ya uso wake ikaja picha ya mzee asiyemjua. Ikaja ya mama mwenye miwani. Kisha ikaja ya mkewe, anacheka, pengo nje.

Mpaka rangi akafumba macho. Akajaribu kufikiria ukuta mweupe. Sura ile ikamfuata mpaka ukutani. Akahisi damu inampanda kichwani, inakimbia kwenda kumchongea.

"Zima! Mke wangu, mwambie azime! Nakukumbuka!"

Kidole gumba kikabanwa.

"Unakumbuka nini?"

"Kila kitu! Cherehani ya mama yako haikuibwa, nilimpa yule mwenye saluni! Ulishaanza kuulizauliza, nikaona bora nisahau tu, yaishe!"

Kelele zikakatika. Mwanamke akamgeukia mtafiti.

"Mashine imeyaona yote hayo?"

Kijana akajikuna kichwa. "Haijaona kitu, mama. Hili ni bomba la plastiki lenye spika na skrini, la kumzoesha mtu kulala bila kutikisika. Nilimweleza. Mashine yenyewe iko chumba cha pili, hatujafika."

Mazoezi yale yalimgharimu mke, kitanda, cherehani aliyoifuata mke mwenyewe saluni, na mwenye saluni, ambaye siku zote alikuwa ameambiwa kwamba huyo mke alishakufa.