Koo la Mtaa

Kila mtaa wa Tabora ulikuwa na mtu mmoja aliyefuga kooni vijidudu vipole, vinavyofukuza vile vikali vya homa ya uti wa mgongo. Katika mtaa mmoja mtu huyo alikuwa Bi Nyamizi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwa maringo hakuwa na mpinzani. Dawa ya kuua vijidudu hakuruhusiwa kuigusa. Hata jipu la jino alilivumilia hadi likapasuka lenyewe. Kila Ijumaa asubuhi alikaa kitini barazani na kanga yake mpya, akaletewa watoto wachanga. Mtoto alilazwa mkekani, naye akainama kumbusu mdomoni, amwachie vile vipole.

"Shikamoo, bibi," alisema Kabula, akimlaza mwanawe wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Huyu atakua bila kuijua ile homa, kama ulivyokua wewe."

Bi Nyamizi akataka kuinama. Shingo ikagoma. Tangu alfajiri ilikuwa imekakamaa kama gogo, na mwanga ulimchoma macho. Dada yake, homa ile ilipompata zamani, alianza hivyo hivyo, na hakumaliza wiki. Sindano za hospitali zingemponya yeye, lakini zingeviua na vile vipole, na kiti kile angekalia mwingine.

Akanyoosha mikono. "Mlete juu, mwanangu. Leo siinami."

Kabula akatabasamu. Mtu mwenye cheo kama kile ana haki ya kutoinama. Akamwinua mwanawe kwa mikono miwili, hadi kwenye midomo iliyokuwa ikiwaka moto.