Mbuzi Kwenye Banda la Ndege

Mwalimu wa ngoma aliwanyamazisha wapigaji wote kwa sababu ya mguu mmoja tu. Mguu wenyewe ulikuwa wa Kitinda.

“Wewe mgeni, wenzako wanakanyaga chini. Wewe unakanyaga wapi?”

“Chini, mwalimu.”

“Basi hiyo chini ya kwenu iko mbali.”

Darasa likacheka. Kitinda naye akacheka, maana ukichekwa ugenini heri ucheke na wewe, usibaki peke yako. Jasho linamtiririka, njuga zinamlia miguuni, na macho yake, sijui macho ya vijana yana nini, kila saa yanakimbilia saa ya ukutani. Mchana ule wanafunzi wageni walikuwa wanatembezwa kwenye kampuni ya ndege, na basi la ziara halimsubiri mtu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Binti akashika shavu.

“Mwalimu, jino.”

“Sasa hivi ulikuwa unacheka na meno yote.”

“Ndiyo limeanza hapo hapo, mwalimu.”

Mwalimu akamtazama kama unavyotazama embe usilojua kama limeiva. “Haya nenda. Na hilo jino ulisalimie.”

Kitinda ni kitindamimba, ndiyo maana wakamwita hivyo. Baba yake ni mtu mpole, lakini neno lake likishatoka halirudi. Siku ya kumsindikiza kwenda ng'ambo ya mpaka alimshika bega, akamwambia, “Nimekupeleka kwa jambo moja. Ukishika mawili, nakuja kukuchukua, na yote mawili utayaacha huko huko.” Wala hakuwa anatania. Kaka mkubwa alipelekwa masomoni hivyo hivyo, akaanza kuchepuka kidogo kidogo, mwisho akapotelea huko. Nyumbani jina lake halitajwi. Picha yake imegeuzwa, inaangalia ukuta.

Basi kabla ya kupanda basi la ziara, Kitinda alijificha chooni, akavua njuga, akaziviringisha ndani ya kanga na kuzisukumia chini kabisa ya begi. Akavaa suruali, akanawa uso. Simu ikaita. Ni shangazi yake, ambaye Kitinda alikuwa anakaa nyumbani kwake huko masomoni.

“Baba yako anakutafuta. Nimemwambia uko masomoni.”

“Si ndiko niliko, shangazi.”

“Mimi sijaona, sijasikia. Lakini siku akijua unachanganya mambo, mimi simo.”

Huko kwenye kampuni wakapokewa na fundi wa injini, mama mmoja wa makamo mwenye ovaroli na mikono ya mafuta. Akawaingiza kwenye banda la matengenezo. Banda kubwa, ukipiga chafya ukuta unakujibu. Ndege imelazwa katikati, injini iko wazi, matumbo yote nje. Watu wakaizunguka, wanatazama. Kitinda akasogea aone vizuri.

Chwi.

Fundi akageuka. “Humu kuna mbuzi mwenye kengele?”

Kitinda akawa nguzo. Lakini nguzo nayo inachoka, akahamisha uzito mguu wa pili. Chwi.

“Amesogea,” akasema mwanafunzi mmoja wa nyuma.

Kitinda akalikumbatia begi kama mtoto mwenye homa, akatazama juu, kama mtu anayehesabu taa. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

“Hebu wewe mwenye mbuzi, njoo mbele. Umesimama mbali mno.”

Akampandisha mpaka chumba cha rubani, akamkalisha kwenye kiti chenyewe. Hapo tena binti akajisahau. Hiki ni cha nini? Na hiki kikikataa? Na mvua? Na upepo wa ubavuni? Wenzake wakapanda, wakashuka, wakaenda kunywa soda, yeye yuko pale pale anauliza. Fundi akajibu mpaka koo likamkauka.

“Mwanangu, nani amekutuma?” akamuuliza.

Kabla hajajibu, simu ikaita. Baba. Tena simu ya picha, ya kuonana uso kwa uso.

Kitinda anamjua baba yake. Huyo hapigi mara mbili. Asipopokelewa mara ya kwanza anafunga mzigo, anapanda gari la kwanza, na akifika huulizwi tena, unakamatwa mkono unarudishwa nyumbani.

Binti akashuka zile ngazi kama amemwagiwa maji ya moto. Akazunguka nyuma ya banda, ndege nyingine inanguruma uwanjani, akamwaga begi lote chini. Simu inaita. Kanga akaifunga juu ya suruali, njuga akazifunga miguuni. Simu inaita. Akaiegemeza kwenye pipa, akaibonyeza ikiwa karibu kukatika.

Baba alipotokea kwenye kioo, alimkuta mwanawe anakanyaga chini kwa nguvu zake zote, mabega yanapanda na kushuka, njuga zinalia miguuni.

“Na huo mngurumo nyuma yako ni wa nini?” mzee akauliza.

“Wapigaji, baba. Ngoma zao huku ni kubwa.”

Mzee akatazama weee, mpaka machozi yakamlengalenga.

“Cheza, mwanangu, ngoma ya ukoo imebaki kwako. Yule kaka yako ndiyo hivyo tena, ameishia kuwa rubani.”