Zamu ya Kuibiwa

Kyra Marigo aligoma kumuuzia Pantelis mkate mpaka na yeye aibiwe.

"Mwaka wa nne huu!" alifoka, ameukumbatia mkate kifuani. "Stamatis kaibiwa mara tatu. Padri kaibiwa. Hata yule bahili wa kinu cha zeituni kaibiwa! Mimi nimekukosea nini?"

"Kyra Marigo, wewe ni mjane. Mtu wangu haibii wajane, ndivyo alivyo."

"Mjane, si fukara! Nina mbuzi, nina pete, nina televisheni kubwa kuliko ya Stamatis. Mwambie huyo mtu wako aache kunidharau."

Stamatis, mwenye mkahawa, alikuwa nyuma yao akisubiri mkate wake. "Aje akuibie nini, mama? Viatu vya marehemu?"

"Nyamaza wewe! Tangu uibiwe unatembea kama mbunge."

Pantelis alicheka, akaahidi, akapewa mkate. Akapanda ngazi hadi chumba chake kinachotazama gati, akafungua dirisha, akakaa kuandika.

Hivyo ndivyo asubuhi zake zilivyopita. Kisiwa chenyewe hakikuwa na kisa hata kimoja. Watu mia tatu, milango haifungwi, funguo za magari zinalala ndani ya magari. Mtu akitaka uhalifu pale, sharti autunge mwenyewe. Pantelis akautunga, na lo, akagundua kwamba ana kipaji! Alimbuni mwizi mmoja mrefu, mwenye jino la dhahabu, anayepiga mluzi akimaliza kazi, anayekula tini za wenyewe na kuyapanga maganda vizuri ukingoni mwa dirisha. Miaka minne ya kukaa naye ilimfanya ampende kama mdogo wake mtundu. Athens walisoma wakasisimka, wakataka zaidi, na kila mwaka wakazidi kutaka.

Mwaka huu waliandika kwa ukali: kama hana jipya, basi, mambo yameishia hapo.

Hilo lilimkosesha raha kabisa. Bila Athens hakuwa na riziki pale, ingembidi arudi bara. Na mkewe Anthoula, mzaliwa wa kisiwa, alishamwambia waziwazi jikoni, bila hata kuinua macho kwenye samaki aliyekuwa akimpaa magamba: "Baba yangu hajiwezi kitandani, siendi popote. Ukienda, utakwenda peke yako."

Pantelis alimpenda Anthoula. Alipenda hata mikoromo ya baba mkwe. Na kisiwa kizima nacho hakikutaka aondoke, maana gari lake ndilo lililowawahisha wagonjwa gatini, na yeye ndiye aliyepatanisha majirani waliogombea mipaka. Ndiyo maana watu walimpa majina yao na mali zao azitumie apendavyo.

Basi akaandika kwa hasira zote. Akamwibia Kyra Marigo mbuzi, pete na televisheni kwa mpigo mmoja. Alipofikiria mtu wake anavyobeba mzigo wote ule kwenye mawe, akamwonea huruma, akamwongezea punda. Akatuma.

Jibu lilikuja kwa miguu. Bi Vlachou, yule mkubwa wa Athens aliyekuwa akisoma kila alichokituma, alishuka melini Jumanne na mkoba wake wa ngozi, akasema amekuja kumwona Pantelis ana kwa ana. Habari ilifika mkahawani kabla yake. Alipoketi, meza zote zilikuwa zimejaa, na Kyra Marigo amevaa gauni lake la Pasaka.

"Wewe ndiye uliyeibiwa televisheni?" Bi Vlachou alimuuliza.

"Ndiye mimi!" Kyra Marigo alisimama watu wote wamwone. "Na pete. Usisahau pete!"

"Sijasahau kitu, mama. Mbuzi alinitoa machozi."

Kyra Marigo akamgeukia Stamatis. "Umesikia? Wewe ulimtoa nani machozi na kreti zako za bia?"

Pantelis alikuwa anakunywa kahawa iliyokwisha zamani.

"Nakusoma mwaka wa nne sasa," Bi Vlachou akamwambia. "Wenzako wa visiwa vingine wananiletea mistari miwili mikavu, nasinzia. Wewe? Huyu mtu namwona kabisa. Jino lile, mluzi, tini! Nyumbani kwangu hata mume wangu anamjua."

"Ahsante, Bi Vlachou."

"Lakini kila mara anakuponyoka."

"Ana akili kunizidi," alisema Pantelis, na mkahawa mzima ukaangua kicheko.

Bi Vlachou naye akacheka, akamshika bega. "Haya ya mwisho ndiyo yametikisa ofisi. Nimeyapeleka juu kabisa, kwa watu ambao kwa kawaida hawasomi. Wameyasoma yote, wakayarudia."

Moyo wa Pantelis ulipaa. Kupitia dirishani alimwona Anthoula amesimama ng'ambo ya njia, kapu la limau mkononi, akimtazama kwa wasiwasi, naye akampungia mkono kwamba mambo ni mazuri.

"Kwa hiyo tunaendelea?" akauliza.

"Tuendelee na nini tena? Tumemkamata, Sajenti! Alhamisi iliyopita, bandarini Piraeus: mrefu, jino la dhahabu, na mluzi wake juu. Mwanzoni alijifanya hajawahi hata kukisikia kisiwa hiki, lakini vijana wangu wamekaa naye siku mbili, kakiri yote, mpaka punda." Bi Vlachou alifunga mkoba wake, akainuka kumpa mkono wa pongezi. "Kisiwa kina amani sasa, kituo cha polisi cha nini? Mwisho wa mwezi tunakifunga, unahamia Athens."