Dirisha la Kwanza

Dominika aliambiwa abadilishe nembo tu, ili jina la duka lao la kompyuta la Mazwi lionekane pale zahanati zinaposakinisha programu ya kuandikia wagonjwa.

Alilifungua faili la kusakinishia kwa maktaba moja ya JavaScript, zana ya kusomea yaliyomo ndani ya faili, likamkunjukia kama daftari, jedwali baada ya jedwali. Katika mojawapo akakuta agizo lisilohusu nembo hata kidogo. Kila jioni, majina na namba za simu za waliokutwa na virusi vya UKIMWI yatumwe kwenye namba ya muuza mitishamba mmoja.

Alimjua mtu huyo. Ndiye aliyempigia simu shangazi yake kule Kasense, akamtajia ugonjwa wake kabla hata ya salamu. Tangu siku hiyo shangazi hajarudi zahanati kuchukua dawa.

"Umefika wapi, dada?"

Bosi wake alimwinamia begani, anatafuna mgebuka wa kukaanga. Kidole chake kilichoroa mafuta kikagusa kioo, palepale kwenye agizo, kikaacha kijipande cha ngozi ya samaki.

"Huu mstari usiuguse. Ndio unaotulisha."

Dominika aliondoa kishale kwenye mstari ule.

"Siugusi, bosi."

Na kweli hakuugusa. Bosi alipomgeuzia kisogo, Dominika alihamia jedwali la dirisha la kwanza, lile linaloonekana mara tu programu inapoanza kusakinishwa, akafuta neno Karibu, mahali pake akaeleza kwa Kiswahili chepesi mstari ule unafanya nini, na kwa faida ya nani. Akahifadhi kwenye flashi.

Bosi alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua flashi.

"Kesho nasakinisha mwenyewe, mbele ya manesi wote."

"Itapendeza, bosi," alisema Dominika, akikwangua kile kingozi kwa ukucha.