Mtani wa Baba

Anuari alikuwa amelala chali mbele ya gari lililobeba jeneza, mikono kifuani, kanzu yake imejaa vumbi la Msimbazi.

"Haondoki mtu hapa," alisema. "Miaka ishirini Kasmir ananiibia wateja, leo mnampeleka Rombo kama askofu?"

Waombolezaji wakacheka. Hata mjane, Mama Mektilda, alicheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Wachaga na Wapare ni watani, na msiba wa Mchaga bila Mpare wa kuuvuruga hupooza.

Shangazi Evarista peke yake alinuna. "Violeth, huyu si amezidi?"

Violeth, binti wa marehemu, alikuwa na jibu. Kazi yake chuoni ilikuwa kuchunguza ubongo wa panya wadogo wanapopigana mieleka.

"Huo ni mchezo, shangazi. Kuna kisehemu chini kabisa ya ubongo. Ukikizima, mchezo unakufa. Panya anayecheza hulenga shingo ya mwenzake. Anayegombana kweli huuma kiunoni. Tena wanaocheza hupokezana: mara huyu juu, mara yule."

"Sasa kaka yangu alikuwa juu lini? Kila nikifika dukani, Anuari anatukana, yeye anacheka tu."

"Baba alikuwa mpole."

Anuari aliinuka, akajipangusa, akamsogelea mjane. Akachomoa funguo za duka kwenye pindo la kanga ya mama huyo, kiunoni.

"Fremu yake naichukua mimi. Mkirudi mtanikuta ndani."

Vicheko vikazidi. Gari likaondoka.

"Tunakula kwa fremu ile, Violeth," shangazi alinong'ona. "Hatuna nyingine."

"Atazirudisha. Ndiyo mila."

Wiki tatu baadaye walirudi kutoka Rombo, wakaenda Kariakoo moja kwa moja. Ukuta uliotenganisha fremu ya Mzee Kasmir na ya Anuari ulikuwa umebomolewa. Sufuria za marehemu zilining'inia upande wa pili, na mkataba mpya wa pango ulikuwa ukutani, ndani ya kioo, wenye jina moja tu.

Violeth alicheka mpaka akashika mlango.

"Shikamoo, mtani. Sasa utani umetosha, mpe mama funguo zake."

"Marahaba." Anuari aliendelea kupanga sufuria. "Mtani wa nani? Mimi nimekuwa Mpare tangu lini?"