Pumzi za Hosea Yelland

Thomasin alimbana Hosea pua, na alipofungua kinywa kutafuta hewa akamtumbukizia kijiko cha supu.

"Meza," alisema. "Meza, shemeji, usinifanyie hivi."

Nusu ilishuka, nusu ikamwagika shingoni. Alimfuta kwa aproni, akachota tena. Hosea alikuwa anaungua kwa homa, na daktari alikwisha kuvaa kofia yake na kushauri aitwe kasisi. Thomasin hakumwita kasisi. Aliuza ng'ombe wa mwisho, akaita daktari mwingine.

Shamba halikuwa lao. Lilikuwa la Chuo, huko mbali Oxford, na Chuo kilikodisha kwa maisha ya watu watatu. Maadamu mmoja wa walioandikwa kwenye mkataba anapumua, nyumba ni yenu. Wa mwisho akikata roho, ardhi inarudi Chuoni na nyinyi mnatafuta pa kwenda. Mzee Yelland aliandikisha jina lake na ya wanawe wawili, akajiona mjanja. Mzee alikufa kwa uzee. Ambrose, mumewe Thomasin, aliopolewa kwenye bwawa la kinu baada ya Pasaka, na hakimu alipouliza nani aliona nini, Thomasin alijibu kwamba yeye alikuwa ndani anasukasuka maziwa. Akabaki Hosea, mlevi na mgomvi, asiyejua hata kufunga zizi. Watoto wawili wa Thomasin walikuwa na paa kwa sababu ya pumzi za mtu huyo tu.

Kulikuwa na njia moja. Chuo kikikubali, majina ya watoto yangeingia katika mkataba mpya. Thomasin alimwomba kasisi amwandikie mtunza hazina wa Chuo, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ada ilikwishapelekwa. Jibu lilikuwa lilelile: mabwana wa Chuo watakutana wapige muhuri, awe na subira. Mabwana hao hawakuwa wajinga. Walishasikia habari za homa, na Hosea akifa kabla ya muhuri, shamba linawarudia bure.

Jirani yake, Grace Pook, alileta maji ya shayiri akamkuta bado amepiga magoti pale kitandani.

"Mume mwenyewe hukumwuguza hivi," Grace alimchokoza.

"Mume hakunipa nafasi."

"Watu wanasema, mwenzangu. Kaburi la Ambrose halijaota hata nyasi."

"Waache waseme. Shika miguu yake, tumgeuze."

Walipomgeuza, Hosea alianza kuweweseka. "Ambrose," aliita. "Ambrose, nipe mkono, kaka. Nipe mkono." Grace alifuta machozi akasema jamani, ndugu hawa walipendana. Thomasin alimshukuru kwa maji ya shayiri, akamsindikiza hadi mlangoni na kufunga kwa komeo. Alirudi kitandani, akashika kijiko tena.

Bwana Luscombe, wakala wa Chuo, alifika mchana amelowa chapachapa, mfuko wa ngozi ameukumbatia kifuani. Muhuri ulikuwa umepigwa. Thomasin alinyoosha mkono, naye akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi Yelland, nisikufiche. Siwezi kukupa mpaka nimwone anapumua, na aseme jina lake mwenyewe. Ndivyo walivyoniandikia. Kuna mahali waliwahi kuonyeshwa maiti kafunikwa blanketi."

"Anapumua. Njoo umwone."

Hosea alikuwa amelala macho nusu wazi, midomo imepasuka. Thomasin alimshika mashavu.

"Hosea. Jina lako nani? Mwambie bwana."

Alimtikisa, akambembeleza, akamwahidi pombe ya matufaha pipa zima. Hofu ilimshika hata akasahau kwamba wakala yuko pale. "Nitakupikia, nitakufulia, nitakutunza mpaka uzeeni," alisema huku analia. "Sema jina lako tu, shemeji. Sikuombi kingine."

Bwana Luscombe alitazama dirishani. Alikuwa mtu wa heshima na kazi hii ilimkera, lakini kazi ni kazi. Alianza kufunga mikanda ya mfuko wake.

"Hosea," ilitoka sauti kavu kitandani. "Hosea Yelland."

Mikanda ikafunguliwa tena. Thomasin alitia alama yake palepale, karatasi imelazwa juu ya blanketi la mgonjwa, kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti kama mtoto. Wakala alimletea maji, na kwa kuwa mvua ilikuwa haijakatika, akaomba sehemu ya kulala.

Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Hosea aliomba pombe, akaomba na nyama, akamshika shemeji yake mkono.

"Umenitoa kaburini, Thomasin. Nitakulipa nini mimi?"

"Lala upate nguvu," alimwambia, akamfunika vizuri mpaka mabegani.

Chini, Bwana Luscombe alikuwa tayari amepanda farasi. Thomasin alitoka kichwa wazi, akashika hatamu.

"Nisomee tena, bwana. Kwenye mkataba huu kuna jina la nani?"

"La Damaris na la Elias, watoto wako. Basi."

"Na Hosea je?"

"Hosea hana kazi tena humo. Hata akifa leo jioni, Chuo hakiwezi kukugusa."

"Una hakika?"

"Naapa, Bibi Yelland. Lala usingizi sasa."

Thomasin alivuta pumzi ndefu, akaachia hatamu.

"Basi ukipita mjini, mwambie hakimu atume watu na kamba. Ambrose hakuteleza bwawani. Hosea alimshikilia kichwa chini ya maji mpaka akatulia, na mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo nikiona."