Kosa Ambalo Mlango Haukulisema

Mlango wa chumba cha barafu ulijifunga nikiwa ndani na sangara. Kwenye kioo kidogo juu ya komeo kuliandikwa: Kosa: [object Object].

Nilimpigia simu Ogwang, fundi aliyeandika programu ya mlango ule. Alikuwa mtaani Bwaise, mafuriko yamefunga njia.

"Nisomee, dada."

Niliona haya, maana shule niliiacha darasa la nne. Nikamsomea herufi moja moja.

"Fundi, inasema nini?"

"Haisemi chochote. Nilibandika kosa zima kwenye kioo bila kutoa maelezo yaliyo ndani yake. Inakwambia tu kuna kitu."

"Kwa hiyo uliufundisha mlango kuongea, ukasahau kuupa maneno."

Hakucheka. Alisema makosa yanaweza kuwa mawili. Kama komeo limeganda, nibonyeze kitufe chekundu, mota ilivute kwa nguvu. Kama umeme ni mdogo, nisikiguse, maana mota itaungua na mlango utangoja kukatwa kwa msumeno.

"Utafika saa ngapi?"

"Maji yakipungua."

Nilisogeza uso kwenye komeo. Pembeni yake palikuwa na barafu nyembamba kama gamba la samaki. Lakini barafu ilikuwa kila mahali, hata kwenye nyusi zangu.

"Dada, unaona nini?"

Taa ikafifia, kisha ikawaka tena.

Nililaza simu juu ya sangara. Vidole vilikuwa havikunjuki na maji ya Bwaise nisingeweza kuyangoja, basi nikabonyeza kitufe chekundu kwa kiwiko.